Mama Auzaye Nyumba na Nyumba Yake Mwenyewe

Hotuba kwa wakazi wa Kipsongo, Kitale



Mazungumzo ya leo yanamhusu mama ambaye kila mtu hapa anamfahamu. Ndiye anayepigiwa simu mtu akitafuta chumba Tuwan, ploti Kibomet au nyumba ya vyumba vitatu Milimani. Wengine humwita broka, wengine dalali, wengine ajenti. Alfajiri anawapikia watoto uji na kuwatayarisha kwenda shule. Saa tatu yuko juu ya bodaboda akimpeleka mteja kuona nyumba. Jioni anakoroga ugali huku ameibana simu begani, akibishana na mwenye nyumba kuhusu bei.

Wengi humsifu kwa kuwa ana nguvu. Sifa hiyo ni nzuri, lakini haimpumzishi wala haimlindi. Mama huyu anafanya kazi mbili, na zote mbili ni kazi. Kila moja inahitaji saa zake, mtu wa kusaidiana naye, na maandishi.

Kwa nini kazi hii huwavutia akina mama

Kipsongo iko ukingoni mwa mji wa Kitale, na wakazi wake wengi wana asili ya Turkana. Hapa watu huja, hupanga chumba, huhama, na wengine huja. Mama anayejua chumba kipi kimebaki wazi ana kitu cha kuuza hata kabla ya kuwa na mtaji. Huanza kwa kumtafutia jirani chumba cha kupanga. Baadaye mtu anamwomba amtafutie ploti, kisha nyumba. Anachohitaji ni simu, nauli na jina zuri.

Shida ni kwamba mapato yake ni kamisheni. Anaweza kutembea miezi miwili bila kuuza chochote, kisha auze nyumba moja na kupata pesa za kulipa madeni yote. Katika Trans Nzoia, wanunuzi wengi huwa na pesa baada ya mavuno ya mahindi, mwisho wa mwaka. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na karo haijui kama mama ameuza au hajauza.

Tena wanunuzi wengi huwa na nafasi jioni na siku za Jumamosi na Jumapili, wakati ule ule ambao watoto wako nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda uliofanywa mwaka 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu ulionyesha kuwa wanawake nchini Kenya hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Kwa hiyo mama anapoanza kuuza nyumba, hapunguziwi kazi ya kwanza. Anaongezewa ya pili juu yake.

Kupanga saa

Hatua ya kwanza ni kuzipa saa mipaka. Wakati wa masika, mvua ya Kitale hupenda kunyesha alasiri, na barabara za mitaani huwa tope tupu. Nyumba na ionyeshwe asubuhi, wakati mnunuzi anaweza kuona mtaro, njia na paa bila kukimbilia pa kujikinga. Mama anayepanga wateja watatu wa Kiminini siku moja hutumia nauli moja badala ya nauli tatu, na siku mbili zinabaki za nyumba yake.

Simu nayo iwe na saa zake. Mteja wa kweli akiambiwa, "Nitakupigia saa mbili usiku watoto wakishalala," atangoja. Yule asiyeweza kungoja saa moja, mara nyingi hata deposti hatalipa.

Usalama pia ni sehemu ya ratiba. Mama asimpeleke mtu asiyemjua katika nyumba tupu giza likiingia. Wakutane kwanza mahali penye watu. Jina na nambari ya simu ya mteja ziachwe kwa mtu wa nyumbani, pamoja na nyumba wanayokwenda kuiona na saa ya kurudi. Hakuna kamisheni inayozidi kurudi nyumbani salama.

Mtoto mchanga

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Lakini broka anayelipwa kamisheni peke yake kwa kawaida hana mwajiri. Akijifungua, mapato hukatika siku hiyo hiyo. Wataalamu wa afya nao wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Mama huyu atafanya nini?

Ajiandae mapema. Kila kamisheni inapoingia, fungu fulani liende kwenye chama au benki kabla halijafika sokoni, na lisiguswe mpaka wakati wa kujifungua. Mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, usisahauliwe. Kwa familia isiyo na mshahara wa kila mwezi, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ni afadhali kuwa umelipa kabla ya uchungu kuanza kuliko kuanza kuuliza mlangoni mwa hospitali.

Jambo lingine ni kushirikiana na broka mwenzake. Mmoja akijifungua, mwingine awapeleke wateja wake, na kamisheni igawanywe kama walivyokubaliana. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi wakati wangali marafiki. Yasipoandikwa, urafiki na kamisheni vyote huenda vikapotea.

Kuna jambo pia linalohusu kaunti nzima. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeziweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto katika majukumu ya serikali za kaunti. Mikutano ya ushirikishaji wa umma inapoitishwa kuhusu bajeti, akina mama wa Kipsongo wana haki ya kufika na kusema mahali wanapotaka kituo kiwe, saa za kufunguliwa, na kwamba maji na choo lazima viwepo. Ombi lisilotolewa mkutanoni ni vigumu kuingia katika bajeti. Na akina baba wafike pia, kwa sababu mtoto si wa mama peke yake.

Neno kwa akina baba

Baba anayepika au kumwogesha mtoto mara nyingi husema, "Ninamsaidia mke wangu." Hebu neno hilo liangaliwe upya. Mtu husaidia kwa jirani. Nyumbani kwake, anafanya kazi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sheria ya Ajira inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 mkewe anapojifungua. Zipo kwa ajili ya maji, nepi na uji, si za kukaa barazani kupokea pongezi. Na kwa baba asiyeajiriwa, jioni moja kwa wiki ambayo mama anajua kwa hakika kuwa chakula na watoto viko mikononi mwake inaweza kuwa ndiyo jioni ya kufunga biashara. Vijana wa kiume nao wafundishwe kupika na kufua sawa na dada zao. Wao ndio akina baba wa kesho.

Kazi iwe halali

Mama mwenye watoto hana nafasi ya kufanya kazi inayoweza kumpeleka kortini. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka anayefanya kazi ya uwakala awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili ya mawakala hao. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Asiyetimiza masharti atafute nafasi chini ya ajenti aliyesajiliwa, ajifunze kazi na ajenge jina.

Kabla ya kumwonyesha mtu ploti, upekuzi ufanywe katika ofisi ya ardhi ili kujua jina lililo kwenye sajili, na kama kuna deni la benki au zuio lolote. Katika mitaa kama hii, mtu anaweza kuuza nyumba ya mabati ilhali ardhi iliyo chini yake haina hatimiliki kwa jina lake. Mnunuzi aambiwe wazi anachonunua: kuta, au kuta pamoja na ardhi. Ukweli huo unaweza kumharibia broka biashara ya leo, lakini ndio utakaomletea ya kesho.

Kama ni shamba la kilimo, linahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, wahusika watie sahihi na mashahidi wawepo. Mnunuzi akumbushwe ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Pesa za kununulia zipite benki au kwa wakili, zisilale kwenye simu ya broka wala chini ya godoro. Pesa za mtu mwingine zikiwa ndani ya nyumba yenye njaa, jaribu ni kubwa, na wezi nao husikia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la broka liwe na tarehe, jina la mteja, nyumba aliyoonyeshwa, kamisheni waliyokubaliana na sahihi. Bila hilo, mwenye nyumba na mnunuzi wanaweza kumzunguka, wakamalizana wenyewe, na siku zake zote za kutembea zikawa bure.

Swali linalorudi nyumbani

Kuna swali moja ambalo broka mwaminifu humwuliza kila muuzaji mwenye ndoa: "Mwenzako amekubali?" Haulizi kwa udadisi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani au kupangishwa bila idhini iliyoandikwa ya wanandoa wote wawili. Katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa mmoja wao akiwa hajakubali. Mauzo yaliyofanywa kwa siri huishia mahakamani, na watoto ndio hutolewa vyombo nje.

Basi swali hilo na lirudi nyumbani kwa broka mwenyewe. Anawauzia wengine nyumba. Ile anayolala yeye, jina lake liko wapi?

Sheria hiyo ya mwaka 2013 inaeleza maana ya mchango katika mali ya ndoa. Mchango si pesa tu. Ni pamoja na kazi za nyumbani na kuitunza nyumba ya ndoa, kulea watoto, kuwa mwandani wa mwenzako, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Kwa maneno mengine, uji ule wa alfajiri una nafasi yake katika sheria za Kenya.

Hata hivyo, tahadhari ipo. Ibara ya 45 ya Katiba inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kuwa usawa huo haumaanishi mali hugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja anapaswa kuthibitisha mchango wake. Katika kesi hiyo mke alibaki na nusu yake, kwa kuwa mchango wake ulionekana.

Kwa mama wa Kipsongo, maana yake ni hii. Kamisheni iliyonunua mabati, risiti ya saruji, ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa fundi, karo aliyolipa mwaka ambao baba hakuwa na kazi: vyote vihifadhiwe. Kuhifadhi risiti si kumtilia mume shaka. Ni kuweka kumbukumbu ya familia, na baba mwema hana sababu ya kuiogopa. Ploti mpya ikinunuliwa kwa jasho la wawili, majina mawili yaandikwe kwenye hati tangu siku ya kwanza, wakati kuna amani na kicheko.

Ya kufanya usiku wa leo

Mtakapofika nyumbani, fanyeni mambo matatu kabla ya kulala. Baba na mama wakae, wapange nani atashika watoto na chakula siku zipi za wiki. Mama afungue daftari, aandike wateja alionao na kamisheni anazodai. Kisha wote wawili watoe karatasi za nyumba au ploti yao, kama zipo, wasome zina jina la nani, na wazungumze.

Ni mazungumzo ya nusu saa. Familia nyingi huyangoja mpaka siku ya msiba au ya talaka, na siku hiyo huwa yamechelewa.