Kucha Zako Zinasema Nini?

(Mazungumzo ya mganga wa zahanati na wanakisomo)

 

Leo tuzungumze juu ya kucha. Haya, kila mtu atazame kucha zake. Zina rangi gani? Kucha za mtu mwenye afya zina wekundu kwa chini. Wekundu huo ni damu.

Mama mmoja mja mzito alikuja kliniki. Alikuwa akichoka upesi. Akitoka kisimani, anapumzika mara tatu njiani. Nyumbani walimwita mvivu. Nilipotazama mikono yake, kucha zilikuwa nyeupe. Tukampima damu, ikawa kidogo mno. Tukapima choo, tukakuta mayai ya minyoo ya safura. Basi, mama yule hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa.

Upungufu wa damu si mchezo. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kufa upesi. Hana akiba.

Minyoo ya safura hutoka wapi? Hutoka katika kinyesi kilichoachwa ovyo. Watoto wa minyoo hiyo hukaa katika udongo wenye unyevu. Ukitembea peku, hupenya ngozi ya miguu. Mwisho hufika tumboni, hunyonya damu. Malaria nayo hupunguza damu. Chakula kisicho na madini ya chuma pia.

Sasa tufanye nini? Tuchimbe vyoo na tuvitumie. Tuvae viatu. Tule dagaa, maini, maharage na mboga za majani. Tukimaliza, tule chungwa. Chai tusinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mama mja mzito aende kliniki mapema, na vidonge vya kuongeza damu avimeze, asiviweke kabatini.

Kucha zikibonyea kama kijiko, mara nyingi damu imepungua kwa muda mrefu. Kucha zikiwa za buluu na mtu anahema, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Lakini vidoadoa vyeupe visiwatishe. Mara nyingi ukucha uligongwa tu.

Je, aliyepaka hina? Atazame ndani ya kope ya chini. Hata hivyo, macho yetu si kipimo. Kipimo ni cha damu, kiko zahanati.

Kesho asubuhi, kukipambazuka, tazameni kucha za watu wa nyumbani. Anayechoka kila siku msimwite mvivu. Mpelekeni kwanza akapimwe.