Msafara Usio na Kichwa

Masomo: Kumbukumbu la Torati 2:1-3; Luka 17:11-14; Matendo 17:10-11

 

Katika Mithali 6:6 mvivu anatumwa kwa chungu akajifunze. Leo tunawatuma kwa kiwavi. Huku kwetu viwavi tunawafahamu, ni chakula, wanauzwa sokoni. Lakini huyu wa leo haliwi. Anaishi kusini mwa Ufaransa na nchi zingine za kando ya bahari ya Mediterania, juu ya miti ya misonobari. Vinyweleo vyake vinawasha ngozi na kuumiza macho.

Viwavi hao wanajenga pamoja kiota cheupe cha nyuzi. Usiku wa majira ya baridi wanatoka kula majani, kisha wanarudi. Wanatembea mstari mmoja, kichwa cha huyu kikigusa mkia wa yule, na kila mmoja anaacha uzi wake njiani. Mstari huo si ubaya. Ndio unaowarudisha nyumbani gizani. Vivyo hivyo, wapendwa, kufuatana ndani ya kanisa si dhambi. Wengi wetu tulifika kwa Yesu kwa kumfuata mama ao jirani aliyetangulia.

Basi sikilizeni. Tarehe 30 Januari 1896, mchunguzi wa wadudu Mfaransa, Jean-Henri Fabre, aliwaona viwavi wake wamepanda kwenye mdomo wa chungu kikubwa cha maua. Mdomo huo, kuuzunguka wote, ulikuwa karibu mita moja na nusu. Mstari ulipojaa, aliwaondoa waliokuwa wangali wanapanda, akafuta na nyuzi za chini. Wa kwanza akakutana na mkia wa wa mwisho. Toka hapo hapakuwa tena na wa kwanza wala wa mwisho.

Walizunguka siku saba. Usiku wa baridi kali walisimama na kujikusanya. Jua lilipowapasha joto wakaendelea. Fabre alihesabu saa 84 za kutembea na mizunguko 335. Na kiota chao, pamoja na chakula, vilikuwa hapo karibu kabisa, chini ya chungu.

Nani aliyewapoteza? Hakuna! Kila mmoja alimfuata mwenzake kwa uaminifu. Ungemwuliza yeyote, angekuonyesha aliye mbele yake.

Tuseme waziwazi. Katika makanisa yetu kuna mama anayeacha dawa za sukari kwa sababu dada wa chumba cha maombi aliacha. Ukimwuliza dada, naye aliona mwingine akiacha. Kuna baba anayeuza parseli ya watoto, anapeleka franka zote mahali panapoahidi faida ya haraka, kwa kuwa wazee wawili wamekwisha kupeleka. Ukiuliza wazee, nao waliona wengine. Neno "wote wanafanya" halina mwenyewe. Siku mama anapoanguka, siku pesa zinapopotea, utamtafuta kiongozi wa msafara huo na hutamwona.

Msitusikie vibaya. Tunaamini uponyaji. Tunawawekea wagonjwa mikono, na tutaendelea. Lakini imani haiazimwi kwa jirani kama sufuria. Na aliyeponywa kweli haogopi kupimwa. Wale wakoma kumi, Bwana mwenyewe aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuchunguza ugonjwa ule. Ikiwa Mungu amekuponya, muganga wa hospitali ataona, naye ndiye atakayekuambia uache dawa. Hapo ushuhuda wako utakuwa na nguvu zaidi.

Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume mzima, na bado walichunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Paulo hakukasirika. Yeye mwenyewe aliweka mpaka: tumfuate kadiri anavyomfuata Kristo (1 Wakorintho 11:1). Sisi wachungaji nasi tuko chini ya mpaka huo. Mtumishi anayekukataza kuuliza, huyo anakutaka uzunguke.

Sasa mwisho wa viwavi. Wahubiri wengi wanasema walikufa wote kwa njaa. Sivyo Fabre alivyoandika. Baridi na uchovu vilivunja mstari, na wachache wakatoka inje ya njia. Mara ya kwanza walishuka ndani ya chungu, hawakukuta chakula, wakarudi juu. Lakini nyuzi mpya zilikwisha kuwekwa, na siku ya nane wakashuka mmoja mmoja, kisha kwa vikundi, mpaka wote wakafika kiotani kabla ya jua kuchwa. Waliookoa wenzao ni wale waliotoka kwanza, hata ingawa jaribio lao la kwanza halikufaulu.

Israeli nao waliuzunguka mlima wa Seiri siku nyingi, mpaka Bwana aliposema imetosha, wageuke kaskazini. Kugeuka kulianza kwa neno la Mungu, si kwa kutazama mgongo wa mwenzako.

Juma hili tufanye mambo matatu. Aliyeacha dawa kwa kuiga, arudi hospitalini kesho, wala asione haya. Mchungaji wake amsindikize. Anayetaka kutoa pesa nyingi ao kuuza kitu cha nyumba, akae kwanza na mke wake ao mume wake, waombe, waulize: nani mwenye kazi hii, na pesa zinafanya nini? Na ukimwona ndugu ametoka kwenye mzunguko, usimwite mwasi. Labda ndiye anayetuwekea uzi wa kurudi nyumbani.

Tuombe. Bwana, utupe macho ya kukutazama wewe, na ujasiri wa kugeuka unaposema imetosha. Katika jina la Yesu. Amina.