MANENO YA KATIBU MKUTANO WA TAWI: KUVUKA MPAKA KWENDA KWA NDUGU ZETU

Waliokosa mkutano wa Jumapili wameomba maneno ya Katibu yawekwe humu. Haya hapa, tumeyafupisha.

Ndugu zangu, mwezi uliopita mama yetu mmoja alirudishwa mpakani akienda kumzika dada yake. Ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Kesho yake alipovuka na karatasi mkononi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Mpaka huu hawakuuchora wazee wetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mstari toka mto Umba hadi Ziwa Victoria, wakaupindisha kuuzunguka Kilimanjaro. Wamaasai tukabaki boma huku, malisho kule.

Hatuombi mpaka ufutwe. Tunadai kilichokwisha kukubaliwa. Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Ibara ya 36 inazipa jamii zilizogawanywa na mipaka haki ya kuendelea kushirikiana na ndugu zao, iwe kwa mila, ibada au biashara. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Kenya haikuegemea upande. Kweli, azimio si sheria, na serikali husema Watanzania wote ni wenyeji. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, inazibana nchi zote mbili.

Sasa mifugo, maana hapo ndipo kelele zilipoanzia. Wapo waliosema wa ng'ambo wanatumalizia majani. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa kutoka Kenya walipigwa mnada huku kwetu, na wengi wetu tulinyamaza. Ukame ukigeuka, ng'ombe wetu ndio watakaokuwa kule. Msimamo wa tawi: makubaliano ya malisho yaandikwe, pamoja na idadi na chanjo, wazee wa pande zote wasaini. (Mtatuvumilia, sisi watu wa hesabu tunapenda karatasi.)

Akina mama wa biashara ndogo: mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha, unapita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Ukilipa chochote, dai risiti.

Nakala za risiti zimfikie Katibu kabla ya Ijumaa. Jumatatu tunazipeleka wilayani pamoja na barua ya yule mama. Amekubali kwenda nasi mwenyewe.

Katibu wa Tawi