Filimbi Inayolifuata Litungu: Kutengeneza Filimbi ya Ufunguo Usiouzwa Dukani

Mada kwa walimu wa sanaa na viongozi wa vikundi vya ngoma, wilaya za Tarime na Serengeti



Nimeombwa nieleze jinsi shule zetu zinavyoweza kujitengenezea filimbi kwa gharama ndogo. Nitaeleza, lakini paipu na msumeno vitasubiri kwanza. Naanza na litungu, kwa sababu filimbi ninayoizungumzia leo hupata kipimo chake humo.

Litungu la Wakurya lina nyuzi nane. Zimefungwa kwenye mti wa juu, na mpigaji huzizungusha pale hadi zikae anavyotaka. Anachokifuata ni sauti yake mwenyewe: pale koo lake linapofunguka bila kulazimishwa, ndipo uzi wake mkuu unapowekwa. Mzee mmoja wa Nyamwaga na mwingine wa Mugumu wanaweza kupiga wimbo uleule kwa sauti mbili tofauti kabisa, na wote wawili wako sahihi. Hakuna piyano wala mwalimu wa kwaya aliyewaambia do iwe wapi.

Sasa mtazame kinachotokea tunapotayarisha ngoma ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Mwalimu ana rikoda ya plastiki, nayo imetengenezwa kwa ufunguo wa C. Anamwalika mzee, wanajaribu pamoja, sauti zinagombana. Mwalimu anamwomba mzee akaze nyuzi zifuate rikoda. Naomba tuache jambo hili, na sababu yangu ya kwanza ni ya hesabu. Tuchukue mfano kwamba uzi mkuu wa mzee unatoa hezi 106, yaani mitetemo 106 kwa sekunde. C iliyo juu yake ni karibu hezi 131. Mitetemo ya uzi hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo ili uzi huo ufike 131 mkazo wake lazima uongezeke kwa zaidi ya nusu. Nyuzi zote nane zikikazwa hivyo, ngozi inavutwa, mti unapinda, na uzi uliochoka unakatika. Kisha mzee anatakiwa aimbe kwa sauti ambayo si yake. Watoto wanamsikia akijikamua, wanadhani ndivyo litungu linavyoimbwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwalimu asipige rikoda yake kwa ufunguo wa A, ulio karibu zaidi? Hezi 106 tukizipandisha oktava mbili zinakuwa 424. A ni 440. Tofauti ni 16, na sauti mbili zilizotofautiana kwa 16 zikilia pamoja, sikio husikia mtikisiko mara 16 kila sekunde. Hapo hakuna muziki. Ufunguo wa A-flat nao ni 415, haufiki. Sauti ya mzee wetu wa mfano iko katikati, mahali ambapo hakuna kiwanda kinachotengeneza filimbi. Tutaitengeneza sisi.

Inafaa tukumbuke kwamba hata funguo za dukani zilichaguliwa na watu kwa mahitaji yao. Filimbi ya bati inayojulikana duniani leo ilianza kutengenezwa na Robert Clarke, mtu wa kijiji cha Coney Weston huko Uingereza, mwaka 1843. Alikunja bati, akaziba mdomo kwa kipande cha mti, akahamia Manchester na kufungua karakana. Leo filimbi nyingi ziko katika D kwa sababu muziki wa Ireland unaipenda D. Hiyo ni haki yao. Vijana wa miji ya Afrika Kusini miaka ya 1950 waliichukua filimbi hiyohiyo ya bei ndogo, wakaiinamisha pembeni mwa mdomo na kuupinda mlio wake mpaka ukawa muziki wa kwela. Spokes Mashiyane alijulikana kwayo nchi nzima, na wimbo wa “Tom Hark” ulivuma hadi Uingereza mwaka 1958. Wao waliukunja mlio kwa midomo yao. Sisi tuna nafasi ya kwenda mbele zaidi na kuipima filimbi yenyewe tangu mwanzo, na hatuanzi bila urithi: Wakurya wana filimbi yao, ibirandi, kama Wadigo wa pwani walivyo na chivoti.

Kazi yenyewe inaanza nyumbani kwa mzee. Nendeni na simu yenye programu ya kupimia sauti. Ziko za bure, na zinaonyesha hezi. Mwacheni mzee akaze litungu kama kawaida yake na aimbe kwanza wimbo mzima, bila kipimo. Baada ya hapo mwombeni apige uzi mmoja mmoja, zote nane, kila mmoja mara kadhaa, nanyi mwandike. Msiishie kwenye uzi mkuu mkadhani nyingine zitafuata do, re, mi kama kwenye kitabu cha kwaya. Huenda zikafuata, huenda zisifuate, na tofauti ndogo mtakayoiona kwenye uzi wa tatu au wa sita inaweza kuwa ndiyo ladha ya wimbo. Tukitoboa matundu kwa jedwali la kizungu kabla ya kupima, tutakuwa tumesahihisha kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Mkishapata namba, urefu wa filimbi ni mgawanyo mmoja tu. Sauti husafiri hewani takribani mita 346 kwa sekunde kukiwa na joto la nyuzi 25. Gawanya kwa mara mbili ya hezi unazotaka. Kwa 424 unapata sentimita 40.8. Lakini hewa inayotetemeka huchungulia nje kidogo ya paipu, kwenye mwisho wake na zaidi kwenye dirisha la mdomo, kwa hiyo paipu halisi huwa fupi kuliko hesabu. Kwa paipu yenye upana wa ndani wa milimita 16, tofauti hiyo ni kama sentimita mbili na nusu, na kipimo cha mwisho kitakuwa karibu na sentimita 38 kutoka dirishani. Asikate mtu 38 moja kwa moja. Kateni 41, pigeni, pimeni, kisha punguzeni kidogo kidogo. Katika urefu huu kila milimita moja mnayoiondoa hupandisha sauti kwa takribani hezi moja, na kilichokatwa hakirudi.

Kuhusu paipu, zile nyembamba za plastiki za kupitishia nyaya za umeme, zenye upana wa nje wa milimita 20, zinafaa sana, na mafundi umeme hubakiwa na vipande. Paipu ya maji ya nusu inchi nayo inafaa. Anayetaka bati amwone fundi bati. Anaweza kuikunja kwenye fimbo ya chuma, lakini mshono usivujishe pumzi, na lehemu yenye risasi isikaribie mahali pa kuweka midomo.

Hapa nina onyo, na nalisema kwa uzito kwa sababu ya mahali tulipo. Nyamongo na maeneo ya jirani yana wachimbaji wadogo wa dhahabu, na uchenjuaji wao hutumia zebaki. Paipu, kopo au bomba lolote lililookotwa karibu na mahali pa kuchenjulia lisitumike kutengeneza filimbi, hata likionekana safi namna gani, hata likioshwa kwa sabuni mara ngapi. Mtoto ataweka kitu hicho mdomoni kila siku. Mwalimu anunue paipu mpya. Bei yake haifikii hatari hiyo. Matundu yatobolewe kwa drili au kwa ncha ya kisu. Msumari wa moto unayeyusha plastiki na kutoa moshi mbaya, basi asiyekuwa na njia nyingine autumie uwanjani, watoto wakiwa mbali.

Mdomo wa filimbi ndio unaowashinda wengi, na ndio unaostahili muda. Ndani ya ncha ya juu huingia kizibo cha mti kilichobana, kirefu kama sentimita tatu, ambacho upande wake wa juu umesuguliwa ukawa bapa. Kati ya ubapa huo na paipu hubaki mwanya wa kupitisha pumzi, wenye kimo cha milimita moja, au moja na nusu kwa paipu ya upana huu. Pale kizibo kinapoishia hukatwa dirisha, upana kama milimita 10 na urefu wa milimita 5 au 6, na ukingo wake wa mbali huchongwa kwa mteremko uwe mwembamba. Pumzi inatoka mwanyani ikiwa bapa, inagonga ukingo huo, inapepea juu na chini, na hewa ya ndani ya paipu inaanza kuimba. Filimbi ikitoa upepo tu bila mlio, angalieni kama pumzi inaugonga ukingo au inapita juu yake. Mara nyingi kizibo kinahitaji kusogezwa chini kwa unene wa karatasi. Ikipiga kelele ya juu tu na kukataa sauti ya chini, dirisha ni fupi mno. Ikiwa nzito na inakula pumzi, dirisha limekuwa refu. Kizibo kiwe cha mti mkavu usio na sumu wala rangi. Mpingo wetu wa Tanzania hutengenezewa klarineti na oboe za bei kubwa Ulaya, kwa hiyo kipande kidogo kilichobaki kwa mchongaji si cha kutupwa.

Matundu ni sita, na kila moja hupatikana kwa mgawanyo uleule wa mita 346 kwa mara mbili ya hezi za noti yake. Toeni kwanza ile nyongeza ya dirishani, kama sentimita mbili. Kisha mkumbuke kwamba tundu dogo haliachilii hewa yote kama mwisho wa paipu unavyofanya, hivyo lazima likae karibu zaidi na mdomo. Kwa tundu la milimita 7 kadirieni sentimita moja na nusu hadi mbili. Haya ni makadirio, ndiyo maana nasisitiza paipu ya kwanza iwe ya majaribio. Anzeni na tundu la chini kabisa, mkipanda kuelekea mdomoni. Kila tundu lianze na milimita 4, lipanuliwe kwa tupa ya duara huku mkipima. Kupanua kunapandisha sauti. Ikipita kipimo, pakeni nta ya nyuki ukingoni mwa tundu upande wa mdomoni, itashuka. Vidole vya mtoto wa darasa la nne havitafika vizuri kwenye filimbi ya sentimita 38. Tundu la chini linaweza kuhamishiwa pembeni kidogo bila kuharibu sauti, au filimbi hii ikaachiwa wanafunzi wakubwa na wadogo wakatengenezewa ya oktava ya juu, karibu nusu ya urefu.

Liko jambo la hali ya hewa. Watu husema filimbi hulia tofauti milimani kwa sababu hewa ni nyepesi. Tarime iko juu kuliko Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, lakini mwinuko wenyewe haubadilishi kasi ya sauti. Kinachoibadilisha ni joto: kila nyuzi moja huongeza takribani mita 0.6 kwa sekunde. Filimbi yetu ya 424, iliyopimwa mchana kwa nyuzi 28, itashuka kama hezi saba ikipigwa asubuhi ya nyuzi 18. Kwa hiyo pimeni saa ileile ambayo kikundi hufanya mazoezi, na pulizeni dakika chache ipate joto kabla ya kuandika namba yoyote. Litungu nalo hubadilika na hali ya hewa, lakini mzee anaweza kulirekebisha kwa mkono. Paipu haina mahali pa kukaza, labda mkiiunga vipande viwili vinavyoteleza, jambo linalowezekana na ninalowashauri mlijaribu mkishazoea.

Naomba pia filimbi hizi zisiandikwe herufi. Andikeni ubavuni hezi zake, kijiji, na, akiridhia, jina la mzee ambaye litungu lake lilipimwa. Daftari la shule litunze namba za nyuzi zote nane. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, aliunda wizara ya utamaduni kwa sababu aliona tumefundishwa ngoma za wengine tukaacha zetu. Vipimo vya litungu la Tarime na Serengeti havimo katika vitabu vyetu vya shule, na wanaovibeba masikioni ni wazee wenye umri mkubwa.

Ombi langu kwa semina hii ni moja. Kabla ya maandalizi ya mashindano yajayo, kila shule iliyowakilishwa hapa imtembelee mpiga litungu mmoja, ipime nyuzi zake nane, itengeneze filimbi moja inayomfuata, na ilete daftari lake kwa maofisa utamaduni wa wilaya zetu mbili ili vipimo viwekwe pamoja. Nawaomba maofisa utamaduni walio hapa wakubali kuyapokea madaftari hayo.