Mkono Hufuata Mkono: Kutetea Kunakili katika Ufundishaji wa Uchoraji



Nilipoalikwa nilikusudia kuzungumzia ufundishaji wa uchoraji kwa mapana yake. Nimebadili nia. Katika mjadala wa mtaala mpya wa idara yetu, mwenzetu mmoja ninayemheshimu alipendekeza tuondoe zoezi la kunakili kazi za mafundi waliotutangulia, kwa hoja kwamba anayenakili huua kipaji chake. Wengi waliitikia. Hoja hiyo imeishi nasi muda mrefu bila kuhojiwa, na leo nataka niihoji.

Mzizi wake tunaujua. Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini. Alichelea mbinu za Ulaya zisije zikawaharibu. Yaliyofuata mmeyasoma, sitayarudia. Linalonikera ni dhana iliyobaki nyuma, kwamba Mwafrika huzaliwa na picha zake tayari na mafunzo humchafua tu. Mbona hatumwambii hivyo mpiga udi wa taarabu? Yeye hufuata vidole vya mkubwa wake miaka na miaka, na tunamsifu kwa adabu yake.

Wenzangu humwita mchoraji Sam Ntiro kuwa shahidi wao. Alitoka Makerere, akasoma shule ya sanaa ya Slade, London, na bado akaendelea kuchora migomba na watu wa Kilimanjaro kwa rangi bapa, bila kujali vipimo vya mwili vinavyofundishwa huko. Kweli kabisa. Lakini Ntiro aliyakataa aliyokwisha kufundishwa. Asiyejua kuchora kiganja cha mtu hajakataa chochote. Ameshindwa, na tusikupambe kushindwa kwake kwa kukuita uasili.

Shahidi wangu mimi ni Edward Saidi Tingatinga, na mtaniwia radhi nikikaa kwake. Huyu mzaliwa wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa mtu mzima, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya enameli, ile ya baiskeli. Msogeleeni chui wake mmtazame. Usuli umepakwa kwanza ukaachwa ukauke kabisa, maana enameli mbichi hukokotwa na brashi ikachafua ubao mzima. Juu yake limekaa umbo la mnyama, bapa, limeujaza ubao hata mkia ukalazimika kupinda kufuata ukingo. Madoa yamekuja mwisho, kila moja kwa mguso mmoja, kwa sababu rangi hiyo nzito haipendi kurudiwa. Ukaidi wa rangi ndio uliozaa mtindo. Mwanafunzi hawezi kulijua hilo kwa kuhadithiwa. Atalijua siku atakapoharibu chui wake wa kwanza kwa haraka.

Wanagenzi wake, akina Omari Amonde, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata, walijifunza kwa kukaa ubavuni pake na kumfuata. Kama kunakili kungeua, mtindo ule ungezikwa pamoja naye.

Kinachoua ni aibu. Nikiwa sekondari, mwalimu mmoja alilichana daftari langu mbele ya darasa kwa kuwa nilinakili katuni za magazetini. Katika kurasa zile nilikuwa nimejifunza jinsi shati linavyokunjika kwenye kiwiko cha mtu anayeinua jembe. Mwenzangu wa dawati moja, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu, aliingiwa na hofu siku ile akaacha kuchora. Wa namna yake nawaona hapa chuoni kila mwaka. Kipaji wanacho, ila wanaona haya kuonekana wanaiga.

Na kujifunza upya ukubwani hakumpotezi mtu. George Lilanga alikuwa mchonga mpingo kutoka kusini, akaingia karakana ya Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama mlinzi katika miaka ya 1970, na humo akajifunza batiki na kuchora kwenye ngozi ya mbuzi. Mashetani aliokuwa akiwachonga walihama mtini wakahamia ngozini, na walibaki wake.

Nakiri kwamba hofu ya wenzangu ina msingi. Nendeni kwa mafundi wa Tingatinga, Morogoro Stores, Oysterbay, mtaona twiga walewale na tembo walewale, na wapo mafundi wasiotoka hapo. Lakini anayewazuia ni mteja anayeagiza picha ileile, na kodi ya nyumba isiyosubiri majaribio. Kulifuta zoezi la darasani hakutamwondolea fundi hata kimoja kati ya vikwazo hivyo.

Kwa hiyo naiomba idara isilifute zoezi hili, bali ilipe muhula mzima wa kwanza. Inunue hadibodi na enameli, iwaalike mafundi wa Tingatinga waje wakae na wanafunzi wetu, na iwalipe kama inavyowalipa wahadhiri wa muda.