MAUMIVU YA CHINI YA TUMBO WAKATI WA KUKIMBIA

(Maneno haya yalisomwa katika redio. Mwalimu ayasome kwanza polepole, kisha wanafunzi wayasome wenyewe.)

Natumaini kila mmoja ameketi vizuri na ana karatasi ya somo mbele yake. Wekeni penseli karibu, maana leo tutaandika.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya maumivu ya chini ya tumbo yanayomshika mtu anapokimbia, naye hajui sababu yake. Nasema chini ya tumbo, yaani toka kitovu mpaka kwenye kinena. Hapo ni mahali ambapo watu wengi huona haya kupataja. Mtu akiumwa goti, atawaambia wenzake wote uwanjani. Akiumwa hapo, hunyamaza, hujishika kidogo, kisha huendelea kukimbia. Hata akifika zahanati husema tu, "Tumbo linauma." Mganga atafanya nini kwa maneno mawili?

Tuanze na mambo madogo, maana mara nyingi sababu huwa ndogo. Unapokimbia, damu nyingi huenda kwenye misuli ya miguu, na matumbo hupata damu kidogo kuliko kawaida. Tena matumbo hutikiswa kwa kila hatua. Ikiwa ulikula ugali na maharage muda mfupi kabla ya kukimbia, au ulikunywa maziwa mengi, chakula bado kipo, hewa hujaa, na tumbo husokota. Yafaa ungoje saa 2 au 3 baada ya chakula kizito. Nenda haja kabla ya kuondoka nyumbani. Maji unywe kidogo kidogo, si kopo zima kwa mara moja. Maumivu yakija, punguza mbio, tembea, vuta pumzi ndefu. Yakiwa ya namna hii, yatapungua upesi.

Pengine si matumbo yanayouma, ni misuli. Ukipiga mpira kwa nguvu, au ukipanda mlima mbio bila kuzoea, misuli ya kinena hujeruhiwa. Utaitambua hivi: huuma unapoinua paja, unapokohoa, au unapojiinua kitandani. Dawa yake kubwa ni kupumzika siku nyingi, pengine majuma kadhaa. Vijana hawapendi kusikia neno hili, lakini ndivyo ilivyo.

Haya, sasa chukueni penseli. Kila siku unapokimbia, andika mistari michache katika daftari. Andika ulikula nini na saa ngapi. Andika maumivu yalianza baada ya dakika ngapi, yako upande gani, na yalikwisha lini. Tazama mfano huu:

Jumatatu. Nilikula ugali na maharage saa 10. Nilikimbia saa 11. Baada ya dakika 10 niliumwa chini ya kitovu. Nilitembea. Nilikwenda choo. Maumivu yalikwisha.

Jumatano. Nilikula saa 7. Nilikimbia saa 11. Sikuumwa.

Mwenye daftari hili hana haja ya kuwa na hofu kubwa. Amekwisha kujibiwa na mkono wake mwenyewe. Sasa soma la mtu mwingine:

Jumatatu. Sikula kitu tangu saa 6. Nilikimbia saa 11. Niliumwa kinena cha kulia. Niliona uvimbe mdogo. Nilipolala chali, uvimbe ulirudi ndani.

Huyu ana dalili ya ngiri, ambayo wengine huiita mshipa. Utumbo unasukuma na kupenya katika ukuta wa tumbo. Haitapona kwa kungoja wala kwa kujifunga kitambaa. Aende kwa daktari, naye atamwambia kama yafaa kupasuliwa. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, ukauma sana, ukakataa kurudi, na mtu akatapika, asingoje hata mpaka asubuhi.

Yako mambo mengine yasiyongoja. Maumivu yakianzia karibu na kitovu, kisha yakahamia chini upande wa kulia, na kila hatua ikauma, pamoja na homa au kukosa hamu ya chakula, huenda ni ugonjwa wa kidole tumbo. Usinywe dawa ya kuharisha, maana yaweza kukipasua. Nenda hospitali.

Wanaume na wavulana, nisikieni. Korodani yaweza kujisokota na kukata njia ya damu. Mara nyingine mvulana huhisi maumivu hayo tumboni tu, akaona haya kusema zaidi. Daktari akiwahi katika muda wa saa 6 hivi, mara nyingi huiokoa. Akichelewa sana, huweza kuikata. Kwa hiyo wazazi wenye wana waseme nao mapema, kabla ya siku hiyo kufika.

Nanyi wanawake, kuumwa wakati wa hedhi ni jambo linalojulikana, na wengine huona nafuu wakitembea au kukimbia polepole. Lakini mwanamke aliyekosa hedhi, akashikwa na maumivu makali upande mmoja, akaona kizunguzungu au akazimia, huenda mimba imekaa nje ya mji wa mimba. Damu hutoka ndani bila kuonekana. Huyo achukuliwe hospitali saa ileile. Katika daftari lako andika pia tarehe za hedhi. Hakuna aibu, ni hesabu kama hesabu nyingine.

Haja ndogo nayo itazameni. Ikichoma, au ukienda mara kwa mara, huenda kibofu kina maradhi. Ukiona damu, usiseme ni joto la mbio. Mbio ndefu zaweza kuleta damu kidogo, ni kweli, lakini katika nchi zetu kuna kichocho, kinachopatikana katika maji ya maziwa, mito na madimbwi. Mganga atapima mkojo, na dawa ya kichocho ipo.

Najua mmoja wenu atasema, "Mbona Kipchoge Keino alikimbia na maumivu ya tumbo?" Ni kweli. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwezi wa Oktoba 1968, alikuwa na ugonjwa wa mfuko wa nyongo. Alianguka katika mbio za mita 10,000. Hata hivyo alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na ya dhahabu katika mita 1,500, akimshinda Jim Ryun wa Marekani. Namheshimu sana. Lakini yeye alikwisha kuonwa na madaktari, akajua alicho nacho, akachagua. Wewe unayekimbia jioni nyuma ya shule hujui bado. Usijilinganishe naye, wala usimeze vidonge vya kutuliza maumivu ili upate kukimbia. Vidonge hivyo huficha habari unayoitafuta, na vingine huumiza tumbo na figo.

Ikiwa maumivu yanarudi majuma mawili, ingawa umebadili saa za kula na umepumzika, chukua daftari uende zahanati. Ukiona haya kusema, mpe mganga asome mwenyewe. Kwa sababu hiyo andika herufi kubwa zinazosomeka.

Sasa mwalimu atawapa nafasi. Wale wanaokimbia, waandike mistari ya leo. Wasiokimbia, wawaandikie watoto wao waliotoka uwanjani jioni hii. Kwa herini.