Tope Lina Mwenyewe: Majitaka ya Kijiji na Wajibu Wetu



Zamani majitaka hayakuwa tatizo la kijiji. Maji yaliyochotwa kwa ndoo yalikuwa machache, ya kuoshea vyombo yakamwagwa migombani, na choo kilikuwa cha shimo. Bomba likiingia, mambo hubadilika. Shule ya bweni inajenga vyoo vya kuvuta kwa maji, zahanati inakuwa kituo cha afya, gulioni zinaota nyumba za wageni. Maji yanayoingia tunayazindulia kwa ngoma. Yanayotoka mara nyingi hayana hata mstari mmoja kwenye bajeti.

Utaalamu wa kuyasafisha tunao, na jua letu ni neema. Kijiji chenye eneo la kutosha kinaweza kutumia mabwawa matatu yanayofuatana. La kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, ni la bakteria wasiohitaji oksijeni. Humo uchafu mzito hutuama na kuoza. La pili ni la mita 1 hadi 2: mwani hutoa oksijeni mchana, bakteria wakaitumia kumaliza uchafu uliobaki. La mwisho ni la mita 1 hivi, ili mwanga upenye. Miale ya jua na mwani unaopandisha pH huua vijidudu. Mayai ya minyoo huzama njiani. Hakuna pampu, hakuna bili ya umeme. Kwa shule au kituo cha afya, tangi la kutuamishia na kitanda cha kokoto kilichopandwa matete vinaweza kutosha. Njia hiyo ya mimea Käthe Seidel aliifanyia utafiti Ujerumani tangu miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeiendeleza hapa nchini.

Nendeni Mabogini, nje kidogo ya Moshi. Majitaka ya mji hupitia mabwawani huko, kisha wakulima huyaingiza kwenye majaruba ya mpunga, kwa kuwa yana maji na mbolea kwa pamoja. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia aina hiyo yasiwe na zaidi ya yai 1 la minyoo kwa lita. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa kali mno kwa zao linalopikwa. Mimi nawatazama wanaolipanda: wanashinda matopeni pekupeku, na safura huingilia kwenye ngozi ya mguu.

Kinachoua mitambo midogo ni tope. Kulipima ni kazi rahisi. Chukua mti mrefu, uviringishe kitambaa cheupe, uuteremshe hadi sakafu ya tangi, uutoe taratibu. Weusi utakaoganda kitambaani ndio kina cha tope. Likifika theluthi ya tangi, linyonywe. Lisiponyonywa linahamia kwenye kokoto, kokoto zinaziba, maji yanachuruzika juu, mbu wanazaliana, na wanakijiji wanasema mradi umekufa. Kuuhuisha ni kuchimbua kokoto zote. Mara nyingi gari la kunyonya liko mjini, na hata likipatikana, halina njia ya kulifikia tangi.

Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, inagusa mambo hayo mawili kwa pamoja, na vyombo vya maji vya jamii vinakusanya fedha kila ndoo inapojazwa. Sehemu ya fedha hiyo ni haki ya tope.

Wahandisi mnaohitimu mwaka huu, nawaomba: msitie saini mchoro wa mtambo wa kijiji usioonyesha njia ya gari, mahali pa kukaushia tope, na mshahara wa mtu atakayeushika ule mti.